Asili na Nakala: Picha ya Papa Julius wa Pili na Kazi ya Karakana ya Raphael

Utangulizi

Mtaalamu wa lugha ambaye kazi yake ni kuhakiki miswada hukabiliwa mara kwa mara na swali moja gumu: katika nakala kadhaa za utungo mmoja, ni ipi iliyo karibu zaidi na mkono wa mtunzi? Swali hilo si la wahakiki wa maandishi peke yao. Wanahistoria wa sanaa ya Ulaya nao wamelikabili kwa muda mrefu, na mara nyingine wamelijibu visivyo, hata kazi ya asili ikaitwa nakala na nakala ikatukuzwa kuwa asili.

Mfano ulio mashuhuri katika jambo hili ni picha ya Papa Julius wa Pili, iliyochorwa na Raphael mjini Roma baina ya mwaka 1511 na 1512. Picha hiyo, iliyoko leo katika jumba la National Gallery mjini London, ilitundikwa mbele ya macho ya watu kwa miaka mingi huku ikihesabiwa kuwa nakala tu ya nyingine iliyoko Florence. Hadhi yake ilirudishwa mwaka 1970, baada ya uchunguzi uliotazama si sura ya nje peke yake, bali pia yale yaliyofichika chini ya rangi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha ya namna hiyo ilivyotengenezwa: ubao wake, rangi zake, mafuta yake na mgawanyo wa kazi katika karakana. Baada ya hapo yataonyesha namna ujuzi huo wa kifundi ulivyosaidia kutenga asili na nakala, na mahali ambapo ujuzi huo hufikia ukomo wake. Inatarajiwa kwamba mhakiki wa maandishi ataona katika habari hizi mambo mengi yanayofanana na yale ya fani yake.

Karakana na Wanagenzi

Katika Italia ya karne ya 15 na ya 16, mchoraji hakuhesabiwa kuwa mtu wa pekee anayekaa peke yake akingoja msukumo wa moyo. Alikuwa fundi mwenye karakana, kama alivyokuwa mhunzi au sonara. Alipokea kazi kwa mapatano, aghalabu ya maandishi, ambamo bei, muda na hata aina ya rangi zitakazotumika vilitajwa. Chini yake walikuwako wasaidizi wa kulipwa pamoja na wanagenzi walioingia wakiwa wangali watoto.

Kitabu cha Cennino Cennini kiitwacho Il libro dell'arte, kilichoandikwa yapata mwaka 1400, kinaeleza utaratibu wa mafunzo hayo. Mwanagenzi alitakiwa kwanza akae mwaka mmoja akijizoeza kuchora juu ya kibao kidogo. Ikafuata miaka sita ya kusaga rangi, kuchemsha gundi na kuandaa mbao. Kisha miaka sita mingine ya kujifunza kupaka rangi zenyewe, kupamba kwa dhahabu na kufanya kazi ya kutani. Si lazima kuamini kwamba kila mwanagenzi alikamilisha hesabu hiyo yote. Lakini mpangilio wenyewe unadhihirisha jambo la msingi: kwamba ujuzi wa vitu ulitangulia ujuzi wa sura, na kwamba mwanagenzi aliingia katika kazi ya fundi wake kwa mikono yake mwenyewe muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa uso wa mtu katika picha.

Waswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hiyo yamfaa Raphael kabisa. Alizaliwa Urbino mwaka 1483, na baba yake, Giovanni Santi, alikuwa mchoraji mwenye karakana mjini humo. Baba alifariki mwaka 1494, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Raphael alihamia Roma mwaka 1508, akapewa na Papa Julius kazi ya kupamba vyumba vya makao ya Papa huko Vatikani. Kazi zilipoongezeka, karakana yake nayo ikakua. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo Giulio Romano, Giovan Francesco Penni, Giovanni da Udine na Perino del Vaga, na Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba Raphael alipokwenda katika baraza la Papa alifuatana na wachoraji wapatao hamsini. Hesabu hiyo huenda imetiwa chumvi, lakini hapana shaka kwamba karakana hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kupita zote katika Italia ya wakati ule.

Katika hali hiyo, maneno "kazi ya Raphael" hayakuwa na maana moja tu. Yalikuwako mambo aliyoyabuni na kuyatekeleza mwenyewe. Yalikuwako aliyoyabuni yakatekelezwa na wengine chini ya usimamizi wake. Na yalikuwako yaliyonakiliwa kutokana na michoro yake, ama kwa idhini yake ama baada ya kifo chake mwaka 1520. Mnunuzi wa wakati ule alizifahamu daraja hizo vizuri. Ndiyo maana mapatano mengine yalitamka wazi kwamba nyuso za watu zichorwe na fundi mwenyewe.

Ubao, Jasi na Mchoro

Picha ya Papa Julius imechorwa juu ya ubao wa mti uitwao popla, nayo ina kimo cha sentimita 108.7 na upana wa sentimita 81. Popla ni mti mwepesi, laini na unaokua haraka; mafundi wa Italia waliutumia kwa kuwa ulipatikana kwao kwa wingi, si kwa kuwa ulikuwa bora kuliko miti mingine. Huko Kaskazini, katika nchi ya Wafleminji, mafundi walitumia mwaloni. Kwa sababu hiyo aina ya ubao peke yake humwambia mchunguzi mengi kuhusu mahali picha ilipotengenezwa, kama vile aina ya karatasi na alama yake ya maji zinavyomwambia mhakiki wa miswada.

Ubao haukupakwa rangi ukiwa mtupu. Kwanza ulisiribwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ili mbao zisinyonye mafuta. Kisha ukapakwa tabaka za jasi iliyochanganywa na gundi hiyo hiyo: mwanzo jasi nzito, halafu jasi laini iliyolowekwa majini kwa siku nyingi hata ikapoteza nguvu ya kuganda. Kila tabaka ilipokauka ilikwanguliwa na kulainishwa, mpaka uso wa ubao ukawa mweupe na mororo kama pembe ya ndovu. Weupe huo ulikuwa na kazi yake. Mwanga unaopenya rangi nyembamba hugonga jasi na kurudi kwa mtazamaji, na hapo ndipo panapotokea ule mng'ao ambao picha za mafuta za zamani husifiwa nao.

Juu ya jasi paliwekwa mchoro. Fundi alianza kwa michoro midogo ya karatasi, kisha akafanya mchoro mkubwa wenye kipimo sawa na picha itakayotengenezwa. Mchoro huo mkubwa uliitwa kwa Kiitalia cartone, yaani karatasi kubwa au nene. Yafaa kutaja kwamba neno hilo ndilo shina la neno "katuni", lililofika katika Kiswahili kupitia Kiingereza. Maana ya mchoro wa kuchekesha ilizuka Uingereza mwaka 1843, wakati gazeti moja la mzaha lilipodhihaki michoro mikubwa ya aina hiyo iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya kupamba Bunge la London. Neno likabaki, maana ikahama.

Ili kuhamisha mchoro kutoka katika karatasi kwenda katika ubao, fundi au mwanagenzi alitoboa matundu madogo kwa sindano akifuata mistari yote, akaibandika karatasi juu ya ubao, kisha akaigongagonga kwa kifuko cha kitambaa kilichojaa vumbi la makaa. Vumbi lilipenya katika matundu na kuacha nukta nyeusi juu ya jasi. Njia hiyo waliiita spolvero, kutokana na neno lao la vumbi. Karatasi ikiondolewa, nukta ziliunganishwa kwa kalamu au burashi, na mchoro ukawa tayari kupakwa rangi.

Umuhimu wa njia hii kwa suala la nakala hauna budi kusisitizwa. Karatasi iliyotobolewa haikutupwa. Ilihifadhiwa katika karakana, na kwa karatasi hiyo hiyo ubao wa pili na wa tatu ungeweza kupata sura ile ile, kwa kipimo kile kile, pasipo mtu aliyechorwa kuitwa tena. Nakala, basi, haikuwa jambo la hila lililofanywa gizani. Ilikuwa sehemu ya kawaida ya biashara ya karakana, na hasa kwa picha za wafalme na mapapa, ambazo jamaa, marafiki na wakuu wa miji walihitaji kuwa nazo.

Rangi na Mafuta

Rangi zilitoka katika madini, udongo, mimea na wadudu, na bei zake zilitofautiana sana. Zile za udongo, za manjano, za hudhurungi na nyekundu, zilikuwa rahisi. Nyeupe ilitengenezwa kwa kuviweka vipande vya risasi juu ya mvuke wa siki mpaka vikaota ukoko mweupe, ambao ulikwanguliwa, ukaoshwa na kusagwa. Kijani kilipatikana kutokana na kutu ya shaba. Nyekundu kali ilitokana na kuchanganywa kwa zebaki na kiberiti. Waarabu waliiita rangi hiyo kwa jina ambalo Kiswahili kimelirithi katika neno "zingefuri", ijapokuwa neno hilo limekwenda kutumika kwa rangi nyekundu ya mbegu za mmea. Nyekundu nyingine, nyororo na yenye kupitisha mwanga, ilitolewa katika wadudu wadogo au katika mizizi ya mimea.

Iliyothaminiwa kuliko zote ilikuwa buluu ya jiwe la lazuwardi, lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, nchini Afghanistan, na kuletwa Italia kwa kupitia bandari za Mashariki na Venice. Waitalia waliiita oltremare, maana yake "ng'ambo ya bahari", na jina lao la buluu, azzurro, limetokana na jina la jiwe lenyewe katika Kiajemi lililopitia Kiarabu. Palipo na bidhaa, pana pia maneno yanayosafiri nayo.

Kusaga rangi kulikuwa kazi ya wanagenzi, nayo ilihitaji uangalifu. Rangi nyingine huwa bora zaidi kadiri zinavyosagwa, lakini lazuwardi ikisagwa kupita kiasi hupoteza buluu yake na kuwa ya kijivu. Baada ya kusagwa, rangi zilichanganywa na kiungo cha kuzishikilia. Kwa karne nyingi kiungo hicho kilikuwa kiini cha yai. Yai hukauka haraka mno. Kwa hiyo mchoraji hakuweza kuzichanganya rangi juu ya ubao, bali aliweka mistari midogo sana, mmoja kando ya mwingine, mpaka kivuli kikatokea. Mafuta ya kitani au ya jozi, kwa upande mwingine, hukauka polepole. Hayakauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuvuta oksijeni ya hewani, yakageuka utando mgumu. Kabla hayajashika, fundi anaweza kulainisha mpaka baina ya mwanga na kivuli hata usionekane.

Vasari alimtaja Jan van Eyck, mchoraji Mfleminji aliyefariki mwaka 1441, kuwa ndiye mvumbuzi wa rangi za mafuta. Maelezo hayo si sahihi, kwani matumizi ya mafuta katika rangi yalikwisha kuelezwa katika maandishi ya karne ya 12. Alichokifanya van Eyck na wenzake ni kuifikisha kazi hiyo katika ukamilifu ambao haukuwa umeonekana kabla yao, na Waitalia wakajifunza kutoka kwao katika nusu ya pili ya karne ya 15. Raphael alirithi njia zote mbili. Uchunguzi wa kazi zake umeonyesha matumizi ya mafuta ya jozi na ya kitani, na katika kazi kadhaa umeonyesha kwamba juu ya jasi alitanguliza tabaka nyembamba isiyo nyeupe kabisa, ili mafuta yasinyonywe na ili rangi zitakazofuata zipate joto fulani.

Namna ya kupaka ilikuwa ya tabaka. Mahameli nyekundu, kama ile ya joho fupi analovaa Papa Julius, haipatikani kwa rangi moja. Fundi huweka kwanza umbo la mikunjo kwa rangi nzito isiyopitisha mwanga, na ikisha kukauka huifunika kwa rangi nyembamba yenye kung'aa kama kioo cha rangi. Mtazamaji huona tabaka zote mbili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya ule utajiri wa nyekundu ambao hauwezi kuigwa kwa kuchanganya rangi katika kibao cha mkononi.

Papa na Mchoraji

Julius wa Pili, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Giuliano della Rovere, alishika cheo cha Papa kuanzia mwaka 1503 hadi alipofariki mwaka 1513. Alikuwa mtu wa vita na wa majengo. Ndiye aliyemwagiza Michelangelo kupamba dari ya kanisa la Sistine, kazi iliyofanyika baina ya mwaka 1508 na 1512. Katika picha ya Raphael, hata hivyo, hakuna vita wala fahari ya kiti cha enzi. Mzee ameketi akiwa amegeuka upande kidogo, macho yameinama, mkono wa kulia umeshika kitambaa cheupe na wa kushoto umekamata mkono wa kiti. Kitini mna mapambo ya dhahabu yenye umbo la tunda la mwaloni, kwa kuwa mti huo ndio nembo ya ukoo wake. Neno la Kiitalia rovere ni jina la aina ya mwaloni.

Ndevu zake ndizo zinazotoa tarehe. Mapapa wa wakati ule hawakufuga ndevu, lakini Julius alianza kuziachia mwishoni mwa mwaka 1510, akazishika kama nadhiri ya majonzi baada ya mji wa Bologna kumponyoka mwezi Mei 1511. Alirudi Roma mwishoni mwa Juni mwaka huo, akazinyoa mwezi Machi 1512. Kwa hiyo picha inayomwonyesha akiwa na ndevu ndefu, na iliyochorwa Roma, haina budi kuwa ya miezi hiyo michache. Mhakiki wa tungo atatambua hoja ya namna hii: tukio lililotajwa ndani ya utungo hutumika kupima umri wa utungo wenyewe.

Mpangilio wa picha hiyo uliacha athari kubwa. Namna ya kumketisha Papa peke yake, kwa upande, akionekana mpaka magotini, bila kubariki wala kupiga magoti, ilifuatwa na Titian katika picha ya Papa Paulo wa Tatu ya mwaka 1543, na na Velázquez katika picha ya Papa Inosenti wa Kumi ya mwaka 1650.

Asili Iliyodhaniwa Kuwa Nakala

Picha ya Julius ilionyeshwa katika kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma, kanisa lililokuwa na uhusiano wa karibu na ukoo wa della Rovere. Mwaka 1591 ilichukuliwa na Kadinali Sfondrato, na mwaka 1608 ikaingia mikononi mwa Kadinali Scipione Borghese. Ilikaa katika hazina ya Borghese hadi mwishoni mwa karne ya 18, kisha habari zake zikakatika. Kwa upande mwingine, mwaka 1824 Serikali ya Uingereza ilinunua picha 38 zilizokuwa za John Julius Angerstein, ambazo ndizo zilizokuwa msingi wa National Gallery. Miongoni mwake ilikuwamo picha ya Papa Julius. Baada ya muda wataalamu waliafikiana kwamba hiyo ni nakala, na kwamba asili ni ile ya jumba la Uffizi, Florence.

Sababu za kosa hilo zinaeleweka. Nakala zilikuwa nyingi, nyingine za mafundi hodari; mojawapo, iliyoko katika kasri la Pitti huko Florence, inahusishwa na Titian mwenyewe. Zaidi ya hayo, picha ya London ilikuwa imefunikwa na vanishi iliyogeuka rangi kwa uzee, na juu yake kulikuwa na rangi zilizoongezwa na watu waliojaribu kuirekebisha. Macho yaliona uchafu, yakahukumu udhaifu.

Uchunguzi ulioanza mwaka 1969 ulileta mambo mawili mapya. Picha za eksirei hutegemea tofauti ya uzito wa vitu: nyeupe ya risasi huzuia miale, na rangi nyepesi huiruhusu kupita, hivyo yaliyofunikwa hujitokeza. Jambo la kwanza lililojitokeza ni tarakimu 118 katika pembe ya chini, upande wa kushoto, iliyokuwa imefichwa chini ya rangi za baadaye. Tarakimu hiyo ilikubaliana na orodha ya mali ya Borghese ya mwaka 1693, ambamo picha ya Papa Julius ilipewa namba hiyo hiyo. Jambo la pili lilikuwa nyuma ya Papa. Pazia la kijani lionekanalo leo halikuwa wazo la kwanza la mchoraji. Chini yake mlikuwa na kitambaa kilichopambwa kwa nembo, zikiwamo funguo zilizopishana ambazo ni alama ya cheo cha Papa. Mchoraji alizifuta nembo zote akaweka kijani kitupu.

Cecil Gould, aliyekuwa akitunza picha za Italia katika National Gallery, alitoa matokeo hayo mwaka 1970, na kwa maoni ya wataalamu walio wengi picha ya London ikarudishiwa jina la Raphael. Picha ikasafishwa, na nyekundu ya mahameli na weupe wa ndevu vikaonekana tena.

Ushahidi na Mipaka Yake

Inafaa kuupima ushahidi huo kwa makini, kwa kuwa mambo yale mawili hayathibitishi kitu kimoja. Tarakimu 118 ni ushahidi wa njia. Inaonyesha kwamba ubao wa London ndio uliokuwa wa Borghese, na kwa hiyo, kwa mfuatano wa habari, ndio uliotoka Santa Maria del Popolo. Haisemi nani aliyeshika burashi. Nembo zilizofutwa ni ushahidi wa fikra. Mwenye kunakili huanza na jibu. Anaona pazia la kijani, naye huchora pazia la kijani. Anayebadili nia katikati ya kazi, akafuta alichokwisha kukiweka kwa gharama na jitihada, ni yule ambaye jibu bado hakuwa nalo. Kila ushahidi ukisimama peke yake una upungufu. Vikiunganishwa hupata nguvu.

Hata hivyo hoja ya masahihisho haitoshi kwa kila hali. Katika karakana yenye mafundi wengi, mabadiliko yangeweza kufanywa pia katika ubao wa pili, fundi akiwa anajaribu jambo ambalo hakulifanya katika ule wa kwanza. Mwaka 2010 jumba la Städel mjini Frankfurt lilipata picha nyingine ya Papa Julius, ikatangazwa kuwa kazi ya Raphael na karakana yake, kwa kutegemea kwa sehemu mabadiliko yaliyoonekana chini ya rangi. Wataalamu wengine hawakukubali. Hata juu ya picha ya London hawakukosekana waliopinga. Mabishano hayo hayaonyeshi kwamba uchunguzi wa kisayansi hauna thamani. Yanaonyesha kwamba mitambo hueleza namna kitu kilivyofanywa, na kwamba kumtaja aliyekifanya hubaki kuwa hukumu ya mwanadamu.

Ujuzi wa macho nao una mipaka yake. Vasari anasimulia kisa cha picha nyingine ya Raphael, ile ya Papa Leo wa Kumi ya mwaka 1518. Federico Gonzaga, mtawala wa Mantua, aliitaka, na Papa Klementi wa Saba akaamuru apewe. Ottaviano de' Medici, ambaye hakutaka iondoke Florence, alimwomba kwa siri Andrea del Sarto aichore upya. Andrea aliiga kila kitu, hata madoa ya uchafu, na nakala ikapelekwa Mantua kama asili. Giulio Romano, aliyekuwa huko, hakuishuku hata kidogo, naye ndiye aliyemsaidia Raphael katika kuichora ile ya kwanza. Vasari alipomwonyesha alama iliyotiwa kwa makusudi ili kuzitofautisha, Giulio alikiri, lakini akasema kwamba hakuithamini kidogo kwa sababu hiyo, bali zaidi. Ikiwa mtu aliyepaka rangi kwa mkono wake alishindwa kuutambua mkono huo, anayehukumu baada ya miaka mia tano hana budi kuwa mnyenyekevu.

Hitimisho

Imeonekana kwamba picha ya zama za Mwamko ilikuwa kitu kilichojengwa tabaka juu ya tabaka, na kwa mikono mingi: seremala wa popla, mwanagenzi msaga rangi, msaidizi wa mavazi na fundi wa uso. Imeonekana pia kwamba nakala ilikuwa zao halali la karakana hiyo hiyo. Kwa hiyo kuyagawa mambo yote katika mafungu mawili, asili upande huu na nakala upande ule, ni kuilazimisha historia iseme jambo ambalo wenyewe hawakulisema.

Hali hii si ngeni kwa wanaoshughulikia fasihi ya Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zimetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kumfafanulia W. E. Taylor, na za William Hichens, aliyezitoa kama diwani mwaka 1940. Asomaye tungo hizo leo husoma mkono wa mtunzi kupitia mikono ya wengine. Kuwataja hao wengine hakumpunguzii Muyaka chochote, kama ambavyo kumtaja mwanagenzi hakumpunguzii Raphael.

Funzo lililo kubwa zaidi, pengine, limo katika pazia la kijani. Mhariri ambaye husafisha muswada kwa kuondoa mikwaruzo, mafuto na maneno yaliyokatwa, akatoa maandishi safi yasiyo na doa, huenda anatupa ule ushahidi hasa ambao ungemwezesha mwingine kumtambua mtunzi. Picha ya Julius ilirudishiwa jina lake kwa sababu ya namba iliyofichwa na nembo zilizofutwa. Kilichofutwa nacho ni sehemu ya maandishi, na anayekihifadhi anamwachia msomaji wa kesho njia ya kurudi kwenye asili.